Asilimia 95, lakini kwa oksijeni kiasi gani?

"Daktari, si mashine inasoma 95? Basi mapafu yake ni mazima." Wiki hii nimeambiwa hivyo na bibi wa mtoto aliyetoka Mpwapwa, kisha na muuguzi mwanafunzi, na jana na daktari mwenzangu aliyekuwa akinikabidhi zamu. Bibi hana kosa. Mwenzangu ndiye aliyenifanya niandike.

Kipimo kinachofungwa kwenye unyayo wa njiti, mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, husoma oksijeni iliyofika kwenye damu, wala hakisemi tumetumia nguvu kiasi gani kuifikisha. Nina watoto wawili waliozaliwa wiki ya 28, wote wana siku 7, wote wanasoma 95. Mmoja anavuta hewa ya kawaida yenye oksijeni asilimia 21, na mwingine yuko kwenye CPAP, mashine inayosukuma hewa puani ili mapafu yasisinyae, akipewa asilimia 40. Anayeandika 95 kwenye faili bila kuandika kiwango anachopewa mtoto hajatuambia lolote kuhusu mapafu. Hapa Dodoma, mita zipatazo 1,100 juu ya usawa wa bahari, hata hiyo 21 ni sawa na kuvuta karibu asilimia 18 ukiwa Dar es Salaam, na bado tunajilinganisha na vitabu vilivyoandikwa pwani.

Ugonjwa sugu wa mapafu, unaowapata njiti wanaoendelea kuhitaji oksijeni, hutajwa rasmi wiki ya 36 ukihesabu tangu mimba, yaani miezi miwili baada ya mtoto wa wiki 28 kuzaliwa. Ndiyo maana tunataka kuutabiri mapema: dawa ya deksamethasoni husaidia mapafu, lakini ikitolewa mapema kwa kila njiti huhatarisha ubongo, kwa hiyo ni lazima tujue nani anaihitaji kweli.

Nautabiri kwa ultrasaundi ya mapafu, isiyo na mionzi. Napasha jeli moto, nafungua kidogo tu kangaruu ya mama, yaani nguo inayomshikilia mtoto kifuani kwake, kisha napita maeneo matatu kila upande, kila eneo likipewa alama 0 hadi 3: mistari iliyolala ni dalili njema, mistari inayoshuka wima hadi kukijaza kioo weupe ni majimaji, na pafu lililoganda hupata 3. Jumla ya juu kabisa ni 18. Alama zikiwa juu siku ya 7 nazo zikakataa kushuka, nina wasiwasi.

Shaka yangu ni kwamba ugonjwa wenyewe tunautambua kwa matibabu tunayotoa wiki ya 36, si kwa pafu lilivyo. Mtoto akiondolewa oksijeni haraka na daktari mmoja hana ugonjwa, na akiachwa nayo na mwingine anao. Tunatabiri mapafu, au tunatabiri mazoea ya wodi?

Yule wa asilimia 40 alipata alama 11. Nilimwonesha mama yake weupe ule kwenye kioo, nikamwambia kwamba siku ya 14 tutapima tena pamoja, na kwamba 95 aliyoifurahia bado inabebwa na mashine.