Ving'ora vya moshi vilivyounganishwa ni nini, na vinaishia wapi kwenye jengo la apatimenti?

King'ora cha moshi kilichounganishwa hakilii peke yake. Kikinusa moshi, vingine vyote vilivyofungwa kwenye nyumba hiyo vinalia pamoja nacho. Moto ukianzia sebuleni saa nane usiku, aliyelala chumba cha mwisho akiwa amefunga mlango anaamshwa na king'ora kilicho darini mwa chumba chake, hategemei mlio unaotoka mbali. King'ora kimoja hutoa kama desibeli 85 ukipima umbali wa mita 3, lakini ukuta wa tofali na milango miwili hula sehemu kubwa ya sauti hiyo.

Kwenye apatimenti zinazojengwa Njiro au Sakina, maeneo ya jiji la Arusha, kazi hii inatakiwa ianze kabla zege la slabu halijamwagwa, fundi umeme anapolaza paipu zake. Kila king'ora kinahitaji laini na nyutro kama taa, halafu kuna waya wa ziada unaotoka king'ora hadi king'ora. Waya huu hauendeshi chochote, unabeba ishara tu. Kilichonusa moshi kinaweka volti chache kwenye waya, kwa aina nyingi 9 hivi, na vingine vikizipata vinalia. Fundi auvute kwa rangi ambayo haitachanganywa na nyingine, na kamwe asitumie ile ya kijani na njano, maana atakayekuja kufanya ukarabati baadaye ataichukulia kuwa ni ethi, yaani waya wa ardhini. Usichanganye pia ving'ora vya watengenezaji tofauti hata kama vinafanana sura. Ishara zao hazilingani, na vinaweza kukaa kimya au kuungua. Idadi nayo ina kikomo: wengi huruhusu 12 kwenye mnyororo mmoja, ila soma karatasi iliyo ndani ya boksi.

Je, umeme uchukuliwe kwenye sakiti ipi? Mafundi wengine hupenda kuvipa brekari yao wenyewe. Mimi naona sakiti ya taa inafaa zaidi nyumbani, mradi laini isipitie swichi, kwa sababu brekari hiyo ikikata utagundua jioni hiyo hiyo. Brekari ya peke yake inaweza kukaa imezimwa miezi na hakuna anayejua.

Halafu kuna LUKU. Yuniti zikiisha usiku, au TANESCO wakikata, ndipo watu wanapowasha mishumaa, kwa hiyo king'ora bila betri ya akiba kinakuacha saa ile ile unayokihitaji. Kinapotoa mlio mfupi kila baada ya dakika moja hivi, kinadai betri. Wengi huichomoa ili walale, na mpya hainunuliwi.

Sasa kinachowachanganya wenye majengo: waya huu wa ishara unaishia mlangoni mwa kila apatimenti. Jengo la ghorofa nne kwa kawaida huingiza umeme wa fezi tatu, yaani nyaya tatu za moto zinazogawanywa kwa nyumba, hivyo wewe unaweza kuwa fezi moja na jirani fezi nyingine, na kati ya fezi mbili kuna kama volti 400. Kuunganisha ving'ora vya nyumba hizo mbili kwa waya ni hatari. Hata kama wote wako fezi moja, maandazi yakiungua chini, ghorofa ya nne nzima itashuka ngazi. Mara ya tatu hakuna atakayeamka.

Kwa hiyo ngazi na korido zinapewa mfumo wake: vitambua moshi na vile viboksi vyekundu vya kubonyeza ukutani, vyote vikirudi kwenye paneli inayoonyesha tatizo liko upande gani. Zimamoto wakiitwa kwa 114, wakifika wanaanzia hapo. Kazi ya paneli si ya fundi wa kuokoteza. Hata ile ya ndani mpe mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji.

Jikoni weka king'ora cha joto, kile kinacholia hewa ikifika nyuzi 58 hivi, badala ya cha moshi. Wakati huo huo kiunganishe na vingine.

Arusha ina jambo lake. Juni na Julai baridi inapobana, wapo wanaoingiza jiko la mkaa chumbani. Mkaa uliokolea hauna moshi wa kuonekana, lakini unatoa kaboni monoksaidi, na king'ora cha moshi hakiitambui hata kidogo. Hiyo inataka kifaa chake kingine, na jiko libaki nje.

Kama slabu ilishamwagwa bila paipu, usianze kupasua kuta. Vipo vinavyowasiliana kwa redio, bila waya wa ishara. Vya waya au vya redio, bonyeza kitufe cha majaribio kwenye kimoja kila mwezi, kisha tembea chumba hadi chumba ukisikiliza kama vyote vinalia. Baada ya miaka 10 vibadilishwe, hata kama bado vinalia ukibonyeza.