Tetesi huvujisha kioo, hazivujishi kibodi

Kila msimu wa simu mpya ukikaribia, tetesi hupamba moto kama zile za usajili: kioo kitakuwa hiki, kamera zitapangwa hivi, betri itaongezwa. Na nyingi huwa za kweli. Watengeneza makava hawana budi kujua vipimo vya simu mapema, la sivyo wenzao watawawahi sokoni. Viwanda vya vipuri vina watu wengi na kila mmoja ana kamera mfukoni. Mamlaka za mawasiliano zinazoidhinisha simu nazo huacha nyaraka ambazo mwenye subira atazisoma. Umbo la simu ni siri isiyofichika. Na katikati ya tetesi hizo haikosi ile kongwe: simu janja ya vitufe inarudi, tena safari hii kweli.

Kazi yangu ni kutengeneza programu za simu, hasa sehemu ile ambapo kidole kinagusa kioo na herufi inatokea. Ndiyo maana ubishi wa vitufe na tachi hunichosha kidogo. Watu wanabishania kinachoonekana, ilhali kilichoamua mchezo hakionekani na hakijawahi kuvuja.

Turudi mwaka 2006. Habari kwamba Apple inatengeneza simu zilikuwa zimezagaa. Michoro iliyosambazwa na mashabiki ilikuwa iPod yenye gurudumu lake, imeongezewa tarakimu. Wala haukuwa upuuzi: ndani ya Apple kweli walijaribu simu ya gurudumu wakaitupa. Desemba ile ikatoka hata simu iitwayo iPhone, ila ilikuwa ya Linksys, kampuni iliyokuwa chini ya Cisco! Kisha tarehe 9 Januari 2007, pale San Francisco, Steve Jobs akaonyesha picha za simu nne zilizotamba wakati huo, za Motorola, BlackBerry, Palm na Nokia, akalalamika kwamba vitufe vyake vya plastiki vipo palepale, uvihitaji usivihitaji. Steve Ballmer, aliyekuwa mkuu wa Microsoft, alipoulizwa alicheka. Simu ghali namna ile, isiyo na kibodi, mtu wa ofisini aitakie nini?

Baadaye Ballmer alichekwa sana, lakini mimi namtetea. Chukua rula. Kioo cha iPhone ya kwanza kilikuwa na upana wa karibu milimita 50. Safu ya juu ya kibodi ina herufi 10, kwa hiyo kila herufi inapata milimita 5. Dole gumba la mtu mzima ni pana kuliko hapo, tena kwa mbali. Kwa hesabu ya rula peke yake, kibodi ile ilipaswa kushindwa.

Haikushindwa kwa sababu ya programu. Mhandisi Ken Kocienda ndiye aliyeiunda kibodi ile pamoja na usahihishaji wake, na siri yake ni kwamba vitufe unavyoviona si vile vinavyohisi kidole. Ukishaandika herufi moja, simu inakadiria ipi itafuata. Eneo la kuhisi la herufi inayotarajiwa linapanuka, la jirani yake linasinyaa, na picha kwenye kioo haibadiliki hata chembe. Unadhani umelenga vizuri, kumbe goli limesogezwa kukufuata mpira. Juu ya hilo kuna hatua ya pili: neno likikamilika, linalinganishwa na orodha ya maneno, na lililo karibu zaidi ndilo linaloandikwa.

Waliokuwa BlackBerry hawakuliona hili mapema. Jibu lao la Novemba 2008, simu ya Storm, lilikuwa kioo kizima kinachobonyea kama kitufe kimoja kikubwa, ili dole gumba lisikie kitu. Ukiishika simu wima, kibodi yake ilibananisha herufi mbilimbili kwenye kitufe kimoja; ili upate kibodi kamili ulilazimika kuilaza. Walitibu hisia ya kidole wakati mgonjwa alikuwa makisio. Android ilikawia kwa njia yake: simu yake ya kwanza, T-Mobile G1 ya Oktoba 2008, ilikuwa na kibodi ya kuchomoza ubavuni, na kibodi ya kiooni ilikuja na toleo la 1.5 mwaka uliofuata.

Sasa, makisio haya yanakisia lugha gani?

Hapo ndipo mwandishi wa Kiswahili anapoingia hasara. Tuseme kibodi yako imewekwa Kiingereza tu, kama simu nyingi zinavyotoka dukani. Unaanza kuandika "mwalimu". Umebofya m. Kwa Kiingereza, baada ya m ya mwanzo, w haitarajiwi kabisa, lakini e inatarajiwa sana, na e ndiyo jirani wa w kwenye kibodi. Kwa hiyo e inanenepa, w inakonda, na kidole chako kilicholenga sawasawa kinaandika "me". Mwaka, mwezi, mwenzangu, yote yanapita kwenye tundu hilohilo. Hatua ya pili inakuja kumalizia: "kama" inageuzwa "karma". Watu hudhani vidole vyao ni vinene. Vidole havina kosa.

Ukiongeza Kiswahili, mambo hupungua ukali, lakini hayaishi. Orodha ya maneno inaifaa lugha yenye maneno yanayohesabika. Kitenzi cha kawaida cha Kiingereza kina maumbo manne matano. Chukua "saidia". Weka viambishi 6 vya nafsi mbele, nyakati 4 (na, li, ta, me), na viambishi 5 vya mtendwa: ni maumbo 120. Ondoa yasiyosemwa, bado yanabaki karibu 100. Na hapo hatujagusa ukanushaji, hatujagusa ngeli, wala saidiana, saidiwa, au "watakapotusaidia". Hakuna orodha itakayomaliza hayo, na neno lisilo kwenye orodha kibodi inalichukulia kuwa kosa. Wanaoandika kwa kuburuza kidole bila kukiinua wanalijua zaidi, maana mburuzo mzima hulinganishwa na maneno yanayojulikana. Neno lisipokuwemo, hata uburuze kwa ustadi gani halitatoka. Dawa ipo, nayo ni kuifundisha kibodi vipande: wa, taka, po, tu, saidia. Ni kazi inayofanyika, lakini haijawahi kuwa kipaumbele cha mtu anayeuza simu.

Ndiyo maana wale wanaolilia vitufe nawaelewa kuliko wanavyodhani. Kitufe cha plastiki hakijui lugha. Ukibonyeza w unapata w, uwe unaandika Kiswahili, Kihaya au Kilingala. Kwa Mwingereza kibodi ya kioo ilishalipa deni lake. Kwetu bado inadaiwa. Ila tusidanganyane kwamba vitufe vitarudi kwa wingi. Agosti 2020 kampuni ya OnwardMobility ilitangaza BlackBerry mpya ya 5G yenye vitufe, itoke mwaka 2021. Wapenzi wakahesabu miezi, wakachorewa picha, na Februari 2022 kampuni ikafungwa bila kuuza simu hata moja. Mwezi mmoja kabla, tarehe 4 Januari, huduma za BlackBerry za zamani zilikuwa zimezimwa. Kilichofika sokoni kweli ni vitu kama Clicks ya mwaka 2024, kava lenye vitufe linalovikwa iPhone na kuifanya ndefu kama rimoti. Wenye mapenzi wameinunua. Sokoni kwa jumla, eneo la vitufe limeliwa na kioo, na watu wanataka kioo cha kutazamia video.

Kwa hiyo tetesi ijayo ya simu ya vitufe ikikufikia, furahi nayo, lakini usiiwekee akiba. Fungua mipangilio ya kibodi uliyonayo leo, ongeza Kiswahili kwenye lugha, kisha kiweke cha kwanza. Zima usahihishaji wa lazima, acha mapendekezo yaendelee kujitokeza juu ya kibodi ili uamue mwenyewe. Majina ya watu wako na maneno ya mtaani kwenu yaingize kwenye kamusi binafsi. Na kama unachanganya lugha mbili kwenye sentensi moja, kama wengi wetu, tafuta kibodi inayoruhusu lugha zaidi ya moja kwa pamoja. Gboard inaweza, na SwiftKey pia. Zote mbili hupatikana bure.