Zimwi si jini

Ukimsikia mtu akiwatisha watoto, "Nyamaza, zimwi linakuja!", utadhani anataja aina fulani ya jini. Wengi huamini hivyo: zimwi ni jini tu, tena baya zaidi, na jina lake lilikuja na majahazi ya Waarabu. Sivyo.

Jini ndilo lenye asili ya Kiarabu. Zimwi ni neno la Kibantu, ndugu wa mzimu, kuzimu na wazimu. Shina lake, -zimu, liligusa roho za wafu, na limesambaa mbali. Wakikuyu wanalo irimu, jitu la hadithini lenye kinywa kingine kisogoni. Kwa Wazulu izimu ni mla watu. Ajabu ni Watswana: kwao badimo ni roho za wahenga na Modimo ndiye Mungu mwenyewe, lakini ledimo ni zimwi lile lile letu. Shina moja, ila ngeli ikibadilika, heshima inageuka hofu!

Kiswahili nacho kimefanya hivyo. Mzimu hutambikiwa, zimwi hukimbiwa. Zaidi ya hapo, jini limo katika imani, kwani Kurani inalitaja, ilhali makazi ya zimwi ni ngano. Huko hula watu, hubeba watoto ndani ya ngoma, na mara nyingi hushindwa na kitoto chenye akili.

Methali nayo inalijua vizuri: "Zimwi likujualo halikuli likakwisha." Linakula, ndiyo, lakini hubakiza kidogo.