Kaunta ya lamineti humeguka pale jino linapotokea

Dhana: uso mzuri ukae juu, uone unapokata.

Hapa ndipo kaunta nyingi huharibikia. Lamineti ni ngozi ngumu, unene wake ni kama milimita moja tu, iliyogandishwa juu ya chipubodi, yaani ubao wa chembe za mbao zilizoshikanishwa kwa gundi. Jino la msumeno likiingilia upande wa lamineti, chipubodi iliyo nyuma huishikilia. Likitokea upande huo, hakuna cha kuishikilia, nayo humeguka. Basi kabla ya kuwasha chochote, jua meno yanatokea wapi. Msumeno wa mviringo wa kushika mkononi hukata ukipanda, kwa hiyo uso mzuri ulale chini. Jigso, msumeno wa umeme wenye bledi nyembamba inayopanda na kushuka, ni vivyo hivyo, isipokuwa umefunga bledi yenye meno yaliyogeuzwa. Msumeno wa kawaida wa seremala hukata ukisukumwa chini, kwa hiyo uso mzuri uwe juu; msumeno wa mezani pia.

Dhana: tepu ya karatasi inatosha.

Inasaidia kiasi, na huzuia kitako cha mashine kukwaruza. Mimi naamini zaidi kisu. Bana rula ya chuma kwenye mstari, pitisha kisu kikali taratibu mara kadhaa, mpaka uhisi ncha imeacha kuteleza na inafuata mfereji wake yenyewe. Kisha kata milimita moja au mbili nje ya mfereji huo, upande wa kipande cha kutupa. Kilichobaki kiondoe kwa tupa, ukisukuma kutoka usoni kwenda chini. Ukiivuta kurudi juu, utaibandua lamineti uliyoilinda muda wote.

Dhana: bledi yoyote mpya inafaa.

Yenye meno machache makubwa ni ya kupasulia mbao. Chukua yenye meno mengi madogo, ncha zake za kabaidi, ambayo ni ngumu kuliko chuma, maana gundi ya chipubodi hufanya chuma cha kawaida kuwa butu upesi.

Dhana: kipande kikianguka, kazi imekwisha.

Kikianguka chenyewe, huondoka na kona ya kaunta. Kiegemeze chini hadi mwisho, hasa ukitoboa nafasi ya sinki. Na chipubodi iliyobaki wazi pale ipake vanishi au silikoni kabla sinki halijakaa: ikinywa maji huvimba, na lamineti huinuka hata kama ulikata vizuri namna gani.