Kazi Kubwa ni Kuthibitisha Kwamba Huna

Mitihani ya kidato cha sita ikiisha, meza yangu hapa Ujiji hujaa bahasha za kaki. Mimi ni mwalimu, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikiwasaidia vijana wa Kigoma kujaza maombi ya mkopo wa elimu ya juu. Watu hudhani kazi ni kumpata mfadhili. Wapi! Kazi kubwa ni kuthibitisha kwamba huna.

Alikuja binti mmoja wa Nguruka, kasoma PCB (fizikia, kemia na biolojia), kafaulu vizuri. Baba yake alifariki yeye akiwa darasa la pili. Alifia nyumbani, akazikwa kesho yake, na katika msiba ule hakuna aliyewaza karatasi. Kijiji kizima kinajua mtoto ni yatima, ila Bodi ya Mikopo haina namna ya kukiuliza kijiji. Inataka cheti cha kifo, tena kilichohakikiwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, kama kinavyohakikiwa cheti cha kuzaliwa. Mama akaanza safari: barua kwa mtendaji wa kijiji, kisha wilayani, kisha njoo wiki ijayo. Binti mwenyewe wakati huo yuko kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) Bulombora kwenye mchakamchaka, simu hana. Ndiyo maana siku hizi nawaambia wazazi watafute cheti cha kifo mtoto akiwa kidato cha tano. Dirisha la maombi hufunguliwa katikati ya mwaka, na halimsubiri mtu.

Kisha likaja la jina. Cheti cha kuzaliwa kimeandikwa Anastazia, cha kidato cha nne Anastasia. Herufi moja tu! Ilibidi mama aende kwa wakili kula kiapo, na wakili naye hafanyi bure.

Sisemi haya kwa kusikia. Mwaka wangu wa kwanza chuoni nilikosa mkopo kwa sababu fomu ilikuwa na sahihi ya mwenyekiti wa mtaa bila muhuri. Nilikata rufaa, nikapata, lakini muhula mzima nilikuwa nimebebwa: wawili kitanda kimoja, na mwenye kitanda anakoroma.

Kaya ikiwa kwenye mpango wa TASAF, mfuko wa serikali unaosaidia kaya maskini, jaza namba yake. Kuna familia ya Kasulu iliificha kwa aibu, eti chuoni watamcheka mtoto. Namba hiyo ni miongoni mwa ushahidi wenye nguvu kuliko barua yoyote nitakayokuandikia mimi.

Wazazi wengi pia huchanganya mkopo na ufadhili. Mkopo wa Bodi unalipwa: ukiajiriwa, asilimia 15 ya mshahara wa msingi inakatwa kila mwezi. Samia Scholarship, iliyoanza mwaka wa masomo 2022/23, hairudishwi, lakini ni ya waliofaulu kwa alama za juu kabisa kwenye tahasusi za sayansi na kwenda kusoma fani kama uhandisi, tiba na tehama. Kijana wa HKL (historia, Kiswahili na Kiingereza) mwenye divisheni wani ya pointi tatu, yaani A tatu, hayumo. Hilo linanikera, na sijaacha kulisema.

Jambo moja dogo lakini linaumiza: namba ya mtihani wa kidato cha nne unayoombea mkopo iwe ileile unayoombea chuo. Waliorudia mtihani wana namba mbili, na hapo ndipo wanapopotelea.

Binti wa Nguruka alipata mkopo. Mama akapiga simu kuuliza kama nauli imo humohumo. Haimo. Bumu, yaani fedha ya kujikimu, haliingii mpaka mwanafunzi afike, asajiliwe, asaini, kwa hiyo nauli na chakula cha wiki za mwanzo ni juu yenu. Wakauza magunia mawili ya mpunga. Treni ilipita Nguruka usiku, akapanda daraja la tatu, begi mapajani, na ndani yake mfuko wa nailoni wenye vyeti vyote, pamoja na kile cha baba.