Asilimia ya Kuungua Ni Asilimia ya Nini?

Wiki iliyopita, ndani ya daladala itokayo Kiboroloni kuelekea mjini Moshi, abiria mmoja alimweleza jirani yake kwamba shemeji yake amemwagikiwa mafuta ya kukaangia maandazi na kwamba mkono wake "umeungua asilimia mia". Nilinyamaza, kwa kuwa si adabu kumkatiza mtu anayesimulia taabu ya ndugu yake ili umsahihishe lugha. Hata hivyo, kauli hiyo nimeisikia mara nyingi mno katika miaka niliyowauguza watu walioungua, kwa ndugu wa wagonjwa, kwa watangazaji wa redio na hata kwa wanafunzi wa uuguzi walio mwaka wa mwisho, na nimeona ni heri niieleze kwa maandishi.

Asilimia ya kuungua ni sehemu ya ngozi ya mwili mzima iliyojeruhiwa na moto, maji ya moto, mvuke, umeme au kemikali, ngozi yote ikihesabiwa kuwa 100. Haielezi jeraha limeingia kina gani, haipimi maumivu, wala peke yake haitoshi kutabiri nani atapona. Mkono wa mtu mzima, kuanzia begani hadi kwenye ncha za vidole, ni asilimia 9 tu ya ngozi yake, kwa hiyo mkono ulioungua wote haupiti 9 hata ukiwa umeungua hadi kwenye mfupa.

Neno lenyewe lilikuwa limekwisha kutuonya. Asilimia limeungwa kwa maneno mawili yaliyotoka katika Kiarabu, yaani asili na mia. Mia haina utata. Asili ndiyo inayosahaulika, nayo maana yake ni shina, chimbuko, msingi ambao kitu kinahesabiwa kutokana nao. Kila asilimia ina asili yake, na asiyeitaja asili hiyo anamwachia msikilizaji aibuni mwenyewe. Yule abiria aliifanya asili kuwa mkono. Daktari anapoandika 18 kwenye faili, asili yake ni ngozi ya mwili mzima. Ndugu aliyeketi kwenye benchi nje ya wodi anaposikia hiyo 18, mara nyingi anaifanya asili kuwa uhai wa mgonjwa, na hapo ndipo kosa hili linapoacha kuwa la lugha tu.

Namkumbuka bibi mmoja aliyeteremka kutoka upande wa Kibosho akiwa na mjukuu wa mwaka mmoja, ambaye alivuta kitambaa cha meza na birika la chai likammwagikia kichwani, usoni na kifuani. Nilipomwamkia aliitikia kwa utulivu ulionishangaza, kisha akaniambia, "Sista, wamesema kumi na nane tu, amebakiwa na themanini na mbili, atapona." Alikuwa ameisikia namba hiyo kwa sikio la mzazi anayepokea ripoti ya shule, ambako 18 ni alama ndogo na kilichobaki ni kikubwa. Lakini mtoto aliyeungua zaidi ya asilimia 10 ya ngozi yake huhitaji dripu, na asipopewa maji ya kutosha kwa wakati anaweza kufa ndani ya siku hiyo hiyo, hata kama vidonda vyake ni vya juu juu na vingepona bila kuacha kovu kubwa.

Sababu iko katika kazi ya ngozi. Ngozi huzuia maji ya mwili yasipotee, na inapoungua eneo pana mishipa midogo ya damu huanza kuvuja, majimaji ya damu yakatoka na kuingia kwenye nyama na kwenye malengelenge, hasa katika saa 24 za mwanzo. Kiasi kinachopotea hufuata upana wa eneo lililoungua, na ndiyo maana hesabu ya maji hujengwa juu ya asilimia. Kanuni inayofundishwa sana, iliyotokana na kazi ya Charles Baxter na wenzake huko Dallas, Marekani, katika miaka ya 1960, huzidisha mililita 4 kwa kilo za mgonjwa, kisha kwa asilimia iliyoungua. Mtoto wa kilo 10 aliyeungua asilimia 18 hupata mililita 720, nusu yake ndani ya saa 8 za kwanza na nusu iliyobaki ndani ya saa 16 zinazofuata, na kwa kuwa ni mtoto huongezewa maji yake ya kawaida ya siku. Saa hizo 8 huhesabiwa tangu alipoungua, si tangu alipofika hospitali, kwa hiyo aliyechelewa njiani kwa saa 3 anapaswa kupewa ile nusu ya kwanza, mililita 360, ndani ya saa 5. Muuguzi ndiye anayekaa na hesabu hiyo usiku kucha, akipima mkojo kila saa na kuangalia kama mtoto anatoa angalau mililita moja kwa kila kilo, kwa sababu kanuni ni mahali pa kuanzia tu, na mkojo ndio unaoonyesha kama maji yanatosha. Asilimia ikiandikwa mara mbili ya ilivyo, maji nayo yatakuwa mara mbili, na mapafu ya mtoto yanaweza kujaa.

Kwa hiyo kuipata namba yenyewe kunahitaji uangalifu. Kwa mtu mzima hutumika kanuni ya tisa, ambayo daktari wa upasuaji wa Edinburgh, Alexander Wallace, aliieneza mwaka 1951: kichwa na shingo 9, kila mkono 9, kifua na tumbo 18, mgongo 18, kila mguu 18, na sehemu za siri 1. Mtoto si mtu mzima aliyepunguzwa kimo. Kichwa cha mtoto wa mwaka mmoja kinakaribia 18 na kila mguu ni kama 14, na anayetumia chati ya watu wazima kwa mtoto aliyemwagikiwa chai kichwani atahesabu nusu ya jeraha na kumpa maji pungufu. Tofauti hizi za umri ziliwekwa kwenye chati na Lund na Browder mwaka 1944 huko Boston, na chati hiyo bado ndiyo inayofaa zaidi kwa watoto. Kwa vidonda vidogo vilivyotawanyika hutumika kiganja pamoja na vidole vyake, ambacho ni karibu asilimia 1. Lakini kiganja hicho ni cha mgonjwa, na nimewaona wanafunzi wengi wakiweka cha kwao juu ya tumbo la mtoto.

Kina ni jambo la pili, na ndilo linalochanganywa zaidi na asilimia. Mwaka 1607 tabibu Mjerumani Wilhelm Fabry aliyagawa majeraha ya moto katika madaraja matatu, na mgawanyo huo umeendelea kutumika kwa namna moja au nyingine hadi leo. La kwanza huacha wekundu na maumivu bila lengelenge. La pili huleta malengelenge na unyevunyevu, na likiguswa huuma sana. La tatu limekula ngozi yote, likawa jeupe, la kahawia au jeusi, kavu na gumu kama ngozi iliyotengenezwa viatu, na mgonjwa huenda asihisi hata ukimgusa kwa sindano, kwa kuwa neva za hapo zimekufa. Hapa tena shule na hospitali zetu zimetuharibia sikio. Daraja la kwanza la kidato cha nne ndilo bora, na wodi ya daraja la kwanza ndiyo ya heshima, kwa hiyo mtu anayeambiwa kwamba ndugu yake ameungua kwa daraja la tatu huweza kudhani ni jambo la chini, hasa akiona mgonjwa halalamiki. Kutolalamika huko ndiko kunakomtia hofu muuguzi.

Mambo haya mawili hayafuatani. Mfanyakazi wa mgahawa aliyeshika sufuria ya moto kwa kiganja kimoja anaweza kuwa na asilimia 1 tu, lakini ikiwa ni ya daraja la tatu atahitaji kupandikizwa ngozi, na asipofanyishwa mazoezi ya vidole mapema atabaki na mkono uliojikunja. Mjukuu wa yule bibi alikuwa na jeraha lisilo na kina kama hilo, lakini ndiye aliyekuwa katika hatari ya kufa usiku ule. Eneo hutuambia maji kiasi gani, na kina hutuambia kovu na upasuaji. Tena eneo huweza kupimwa vizuri siku ya kwanza, ilhali kina hubadilika: kuna tishu iliyo kati ya iliyokufa na iliyo hai, ambayo katika siku 2 au 3 huweza kupona au kufa. Ndiyo sababu maji safi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20 yana thamani hata kabla ya kupanda gari la kwenda hospitali, na ndiyo sababu dawa ya meno, unga na mafuta ya kupikia, ambavyo bado tunavikuta vimepakwa, hudhuru: hutunza joto na kutuficha jeraha.

Lipo jambo moja ambalo vitabu vingi tulivyosomea havikulieleza kwa ajili yetu. Wekundu mtupu wa daraja la kwanza hauingizwi katika asilimia, lakini juu ya ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani kama katika picha za vitabu. Muuguzi anapaswa kugusa ili ahisi joto, kulinganisha na upande wa pili wa mwili, kubonyeza kidogo na kuangalia kama rangi inarudi, na kutazama palipobabuka, kwa kuwa ngozi ya juu ikitoka hubaki rangi ya waridi ambayo mgeni wa kazi hii huidhania kuwa kidonda chenye kina kirefu.

Nilimweleza bibi yule kwamba 18 ni sehemu ya ngozi yote ya mjukuu wake, na kwamba kwa mtoto wa umri ule ni nyingi. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kama ndiyo sababu ya ile dripu. Nikamwambia ndiyo, na usiku ule yeye ndiye aliyekuwa akinikumbusha kwamba saa imefika ya kupima mkojo.

Kwa hiyo tunaposikia asilimia ya kuungua, tuiongezee maneno yaliyoachwa: ya ngozi ya mwili mzima. Kisha tuulize na kina. Na kwa habari kama ile ya daladala inatosha kusema kwamba mkono wote umeungua, na kama tunajua zaidi, kwamba umeungua juu juu au kwa ndani.