Moli si gramu: yanayowaponza wanafunzi kwenye mazoezi ya kemia

Mwanafunzi akikosa swali la moli (kipimo cha kuhesabia chembe ndogo kama molekuli), mara nyingi kuzidisha na kugawanya kwake hakuna tatizo. Kilichomponza ni kuusoma mlinganyo vibaya tangu mstari wa kwanza. Hizi hapa dhana tano potofu, kila moja na marekebisho yake.

Dhana: namba iliyo mbele ya fomula ni gramu.

Chukua zabibu za Dodoma. Hamira ikila glukosi iliyomo, mmenyuko ni huu:

C₆H₁₂O₆ → 2C₂H₅OH + 2CO₂

Swali: gramu 90 za glukosi zitatoa gramu ngapi za ethanoli? Anayesoma "moja inatoa mbili" kwa gramu ataandika 180. Yaani sukari kilo moja izae kilo mbili za pombe! Wenye viwanda vya divai wangefurahi kweli. Namba zile zinahesabu molekuli, hazipimi uzito, kwa hiyo gramu lazima zigeuzwe moli kwanza.

Moli moja ya glukosi ni (6×12) + (12×1) + (6×16) = gramu 180. Hivyo 90 ÷ 180 = moli 0.5. Kila moli ya glukosi hutoa moli 2 za ethanoli, kwa hiyo tunapata moli 1, sawa na gramu 46. Kaboni dayoksaidi nayo ni moli 1, gramu 44. Sasa jumlisha: 46 + 44 = 90, zile zile ulizoanza nazo. Ukaguzi huu hauchukui hata nusu dakika, na wengi wanauruka.

Dhana: mlinganyo ukigoma kusawazika, badili namba ndogo za chini.

Kwenye H₂ + O₂ → H₂O, oksijeni imepungua upande wa kulia, basi mtu anaandika H₂O₂. Hesabu imekaa sawa, ila maji yamegeuka haidrojeni peroksaidi, ile ya kupaushia nywele. Namba ya chini haiguswi. Jibu ni 2H₂ + O₂ → 2H₂O.

Dhana: moli moja ya gesi ni dm³ 22.4 popote pale.

Ni kweli kwa nyuzi 0 za Selisiasi na kanieneo ya atm 1, yaani ya hewa kwenye usawa wa bahari. Dodoma iko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kanieneo ya hewa ni karibu atm 0.88, ndiyo maana maji huku huchemka kwenye nyuzi 96 hivi. Ile moli 1 ya gesi iliyotoka kwenye zabibu, mchana wa nyuzi 27, itachukua:

22.4 × (300 ÷ 273) × (1 ÷ 0.88) ≈ dm³ 28

Joto liwe la Kelvini (nyuzi za Selisiasi jumlisha 273). Ukitumia Selisiasi utajikuta unagawanya kwa sifuri. Kwenye mtihani, fuata hali iliyotajwa na swali: STP (zile nyuzi 0 na atm 1) ni 22.4, joto la chumba ni 24.

Dhana: asidi dhaifu ni asidi iliyotiwa maji mengi.

Hapana. Asidi ya tartariki ya zabibu ni dhaifu hata ikikolezwa, kwa sababu ni sehemu ndogo tu ya molekuli zake inayoachia ioni za haidrojeni.

Dhana: mmumunyo wa NaOH (sodiamu haidroksaidi) wa 0.1 M ni gramu 4 ndani ya lita moja ya maji.

Gramu 4 ni sawa. Lita ya maji siyo. M ni molari, yaani moli kwa lita, na huhesabiwa kwa lita ya mmumunyo. Yeyusha NaOH kwenye maji ya cm³ 600 hivi ndani ya bika, uache upoe, umimine kwenye chupa ya ujazo ya lita moja, suuza bika na kumimina masuuzo humo humo, ndipo ujaze hadi alama. Ukijaza ungali moto, ukipoa utashuka chini ya alama na kuwa mkolevu kuliko ulivyokusudia. Pima haraka pia: tembe za NaOH zikianza kung'aa kwa majimaji, zimeshavuta unyevu wa hewani na mizani inakudanganya. Na tumia maji yaliyotoneshwa. Ya kisima chenye chumvichumvi yanaweza kukuletea ukungu mweupe kabla hata hujaanza kutitireti, yaani kupima asidi kwa mmumunyo huo.